Uko Wapi? Redio, Malori na Barabara ya Kibondo

Kabla simu za mkononi hazijapanda milima yetu, barabara ya Kibondo kwenda Kasulu ilikuwa na wasafiri wa aina mbili: wale ambao kuna mtu aliyejua walipo, na wale ambao Mungu peke yake ndiye aliyejua. Wa kwanza walipanda Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu kwenye bampa ya mbele, imepindwa na kufungwa kamba kama upinde. Wa pili tulikuwa sisi, juu ya magunia.

Mimi ni mtoto wa Kitahana. Katika miaka ya 1990 tulitengeneza magari ya mabua na waya kama watoto wa kila mahali Tanzania, ila ya kwetu yalikuwa na kitu cha ziada: ujiti uliochomekwa mbele. Hiyo ndiyo antena. Gari lisilo na antena lilihesabiwa kuwa fuso la kawaida na halikupewa heshima. Na mwendeshaji hakusema "piipii" tu. Alishika jiwe mdomoni kama maiki akaita: "Bezi, bezi, hapa mobaili!" Nilijua Alfa, Bravo, Charli kabla sijajua alfabeti ya Kiingereza shuleni.

Juzijuzi nilikuwa nasoma habari za watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha mawimbi kwa mapenzi tu, bila mshahara wala biashara, kila mmoja akiwa na leseni na jina lake la hewani. Nikakutana na habari za Bob Bruninga, mhandisi wa Marekani aliyefundisha katika chuo cha jeshi la majini la nchi hiyo, jina lake la hewani WB4APR. Mwaka 1982 aliandika programu ya kuonyesha kwenye ramani ya kompyuta mahali zilipo meli. Mwaka 1984 akaiboresha, safari hii kwa ajili ya farasi: kulikuwa na mashindano ya mbio za maili 100, na waandaaji walitaka kujua kila farasi yuko wapi. Miaka ya mwanzo ya 1990, vipokezi vya GPS vilipoanza kupatikana kwa raia, mfumo huo ukapata jina la APRS. Gari linakuwa na redio, kipokezi cha GPS na kifaa kidogo cha kugeuza maandishi kuwa mlio. Kila baada ya muda redio inatoa mkwaruzo wa sekunde moja hivi. Ndani ya mkwaruzo ule mna jina la hewani la mwenye gari, latitudo, longitudo, kasi na alama ya kuchora kwenye ramani. Ulaya masafa yake ni 144.800 MHz, Amerika ya Kaskazini 144.390 MHz. Yeyote aliye karibu mwenye redio anaweza kuusikia, na vituo vya watu wa kujitolea vinaupokea na kuurusha mbele tena.

Nilisoma nikacheka peke yangu. Nilichekea kumbukumbu, maana kitu hicho hicho nilikiona Kibondo, ila pale kompyuta ilikuwa mtu.

Niseme mapema ili wataalamu wasinirukie: redio za Kibondo hazikuwa za ridhaa. Zilikuwa za mashirika, kwenye masafa waliyopewa kwa kazi zao, na mtu wa ridhaa haruhusiwi kuingia humo. Lakini mikono iliyozifunga mara nyingine ilikuwa mikono ile ile. Peter Casier, Mbelgiji anayejulikana hewani kama ON6TT, alifanya kazi ya mawasiliano katika Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), na kumbukumbu za maisha hayo ameziandika mwenyewe kwenye blogu. Vijana waliojifunza kurusha mawimbi kutoka vyumbani kwa wazazi wao ndio walioitwa pale nchi zilipopasuka na nyaya za simu hazipo.

Na nchi zilipasuka kweli. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na katika majuma yaliyofuata watu walimiminika kuvuka mpaka kuingia Kigoma na Kagera. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Rwanda. Mwishoni mwa 1996 vita vikawaka Zaire, na Wakongo wakavuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao. Kibondo tulikuwa na Kanembwa, Mkugwa, Nduta, Mtendeli na Karago. Kasulu walikuwa na Mtabila, Muyovosi na hiyo Nyarugusu. Wilaya ambazo mtu wa Dar es Salaam alikuwa hajui hata zipo upande gani wa ramani zikajaa malori ya unga, maharage, mafuta ya kula na maturubai. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi. Masika ni utelezi, lori linakaa kiubavu siku mbili. Halafu kuna watekaji wenye bunduki, hadi ikafika mahali mabasi na magari ya kiraia yanakusanywa na kusafiri kwa msafara, askari polisi wakiwa mbele na nyuma.

Katika hali hiyo swali la "uko wapi?" halikuwa la udadisi. Lilikuwa ni suala la uhai.

Chumba cha redio nilikiona kwa sababu kijana wa jirani yetu aliajiriwa humo. Kilikuwa chumba kidogo, dirisha moja, betri za lori chini ya meza zikichajiwa na sola, redio mbili mezani. Moja ni ya VHF, ya karibu: mawimbi yake yanakwenda kama mwanga wa tochi, kilima kikikaa katikati, basi. Kwa hiyo juu ya kilima huwekwa kirudishio cha kuyapokea na kuyarusha upande wa pili. Ya pili ni ya HF, ya mbali. Hii haijali kilima. Mawimbi yake yanapanda juu kabisa, yanagonga tabaka la angahewa lenye chaji za umeme, yanarudi chini upande mwingine. Ndiyo maana mchana wanatumia masafa haya na usiku yale ya chini zaidi, kwa kuwa tabaka lile hubadilika jua likizama. Wazee wetu waliita chombo hicho simu ya upepo. Jina zuri, na nadhani lina ukweli kuliko la kitaalamu.

Ukutani kulikuwa na ubao mweupe. Safu ya kwanza jina la gari. Ya pili saa ya kuondoka. Halafu linakokwenda, abiria wangapi, saa ya kutarajiwa. Mezani kulikuwa na daftari kubwa lenye mistari. Dereva akiondoka anajitangaza. Akifika alama fulani njiani anajitangaza tena. Akichelewa kusema, anaitwa.

"Bezi, hapa saba-tatu."

"Endelea, saba-tatu."

"Nimevuka Malagarasi, abiria watatu, naelekea Kasulu. Ova."

"Nimekupata. Saa tano na dakika kumi. Safari njema."

Kijana anaandika: 5:10, Malagarasi, watatu. Kisha anafuta kwenye ubao na kuandika upya. Huo ndio mkwaruzo wa Bruninga, ila hapa umetamkwa kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya jana. Na sauti ilibeba mambo ambayo latitudo haibebi. Kijana alikuwa anasema, huyu leo anaongea harakaharaka, kuna kitu. Au: huyu anasema kafika darasani Makere, mbona nasikia muziki wa baa?

Gari likinyamaza kulikuwa na utaratibu. Kwanza linaitwa, na linaitwa tena. Halafu yanaulizwa magari mengine yaliyo kwenye barabara hiyo: mmemwona saba-tatu? Kisha anaarifiwa afisa wa usalama, na baada yake polisi. Nimewahi kuona mtu mzima akisimama, akakaa, akasimama tena kwa sababu gari limechelewa dakika arobaini. Dakika arobaini! Nyumbani kwetu mtu alikuwa anakwenda Kigoma mjini, na kama hajarudi wiki ya pili ndipo bibi anaanza kusema, huyu naye.

Lakini mambo ya kusema ulipo yana sura mbili, na mkoa wetu umezijua zote tangu zamani. Msafiri maarufu kuliko wote aliyewahi "kupotea" Kigoma ni David Livingstone. Ulaya na Marekani walikuwa hawajui aliko. Gazeti la New York likamtuma Henry Morton Stanley amtafute, akampata Ujiji mwishoni mwa 1871. Hiyo tunafundishwa shuleni. Lakini alipotea kwa nani? Stanley alipofika maeneo ya Malagarasi alikutana na msafara uliotoka Ujiji, ukamwambia bila shida: yupo pale mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe. Wapagazi walijua. Wafanyabiashara wa Ujiji walijua. Habari za mahali alipo zilikuwa zinatembea barabarani kwa miguu ya watu. Kilichokosekana ni njia ya habari hizo kufika London.

Sehemu isiyofundishwa sana inatuhusu zaidi sisi Waha. Kutoka Malagarasi, Stanley alilazimika kupita Buha, na watawala wa njiani walimdai hongo, tena na tena, nguo kwa nguo. Alipoona akiba inakwisha alitafuta mtu wa kumwongoza, akatoroka na msafara wake usiku, nje ya njia, kimyakimya, wanyamavu wote. Yaani mtu aliyekuja kutangaza kwa dunia mahali alipo mwenzake, yeye mwenyewe alifaulu kwa kuficha alipo. Simlaumu. Ila ukisoma kutoka upande wa kwetu unaona jambo: anayejua ulipo anaweza kukuokoa, na anaweza kukudai.

Chumba cha redio kililijua hilo vizuri. Hewani hapana pazia. Mtekaji mwenye redio ya kuiba naye anasikia. Kwa hiyo kulikuwa na majina ya kuficha mahali, na msafara uliobeba kitu cha thamani haukutajwa saa yake. APRS nayo ni hivyohivyo kwa kuzaliwa: kanuni za redio ya ridhaa zinataka ujumbe uwe wazi, usifichwe kwa msimbo. Kwa wapenda redio wa Ulaya wanaoonyeshana matembezi ya Jumapili, uwazi huo ni raha. Kwenye pori la Kibondo mwaka 1998 ungekuwa mwaliko.

Nimefika kwenye mwaka huo, basi nieleze kilichonifanya niandike.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara. Lilikuwa lori la maharage, lisilo na antena wala jina la hewani. Masika yale aliondoka Kibondo kuelekea Kasulu siku ya Jumatatu. Alitakiwa kurudi Jumatano. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Ijumaa zilisikika habari za gari lililotekwa, kila mtu akitaja mahali tofauti. Mama hakulia. Alivaa kanga safi, akanishika mkono, tukashuka mjini hadi dirisha la chumba cha redio.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuulizia gari."

"Gari gani, mama?"

"La kaka yangu."

Kijana akanyamaza. Alielewa, na sisi tulielewa kwamba ameelewa. Gari la kaka yake mama halikuwa kwenye ubao. Halikuwa na safu wala saa ya kutarajiwa, na hapakuwa na afisa yeyote ambaye kimya cha lori lile kingemtoa kitini. Redio ile ilikuwa ya kazi, na kuna maneno yaliyobandikwa ukutani kwamba mazungumzo binafsi ni marufuku. Alitazama maneno yale. Halafu akasogeza kiti, akabonya maiki.

Aliita magari yote yaliyoko barabara ya Kasulu. Akauliza: kuna yeyote ameona lori la bluu la maharage, namba hizi na hizi? Kukawa na mvumo tu, ule unaofanana na mvua juu ya bati. Akarudia. Tukasikia sauti ya mbali, inapanda na kushuka: "Bezi, lori hilo nimelipita asubuhi. Limezama kwenye tope. Dereva yuko salama, yuko na utingo wake, wanapika ugali kando ya barabara. Ova."

Mama alikaa chini palepale kwenye kibaraza. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mpaka leo sijasikia sentensi nzuri kuliko hiyo ya ugali.

Tulipoondoka nilichungulia daftari. Kijana hakuandika kitu. Kulikuwa na saa tatu na robo, kisha saa nne kasoro tano, na katikati mstari mmoja mweupe.

Miaka mingi nimeufikiria mstari ule. Siku hizi tunasema kumbukumbu za mashirika ni hazina ya historia, na ni kweli. Mtu akiyapata madaftari yale leo atajua gari gani lilivuka Malagarasi saa ngapi likiwa na abiria wangapi. Atajua misafara ya kurudi Burundi iliyoanza 2002, basi kwa basi. Lakini barabara atakayoisoma ina magari meupe tu. Malori ya maharage hayamo. Akina mama wa Kibembe waliotembea kutoka ziwani na mtoto mgongoni hawamo, mpaka walipofika kambini na kuandikwa. Msalaba Mwekundu walifanya kazi kubwa ya kuwatafutia watu ndugu zao, karatasi kwa karatasi, jina kwa jina. Lakini hiyo ilikuja baada ya kupotea, si wakati mtu bado yuko njiani.

Sitaki ionekane nawalaumu waliokuwa na redio. Walikuwa wachache, kazi yao ilikuwa ya hatari, na utaratibu ule uliokoa maisha. Ninachosema ni kwamba kutafutwa ni stahili, na stahili hiyo iligawanywa kwa antena.

Mambo yamebadilika. Redio za HF za baadaye zilianza kuunganishwa na GPS, gari likajitaja lenyewe bila dereva kufungua mdomo. Mei 2000 Marekani iliondoa ukungu iliokuwa imeuweka makusudi kwenye GPS ya raia, na makosa ya kiasi cha mita mia yakashuka hadi mita chache. Ikaja setilaiti, ikaja minara ya simu. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia tena na kujazana Kagunga kwenye ufuko mwembamba wa ziwa, na meli kongwe ya MV Liemba ikawaleta Kigoma ili wapelekwe Nyarugusu, watu walikuwa na simu mfukoni. Bruninga alifariki Februari 2022, na mfumo wake bado unakwaruza hewani kila dakika mahali fulani duniani.

Hata basi letu sasa limo kwenye ubao. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha VTS kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kinajua lilipo na kasi yake, na likizidisha mwendo kinapiga kelele mpaka abiria wa siti ya nyuma wanajua dereva kafanya nini. Ni jambo jema. Tumezika wengi mno kwa ajili ya mwendo. Ila nikiwa ndani ya basi, kwenye lami ambayo mjomba hakuwahi kuiota, huwa naona tofauti. Kile kifaa kinauliza: unakwenda kasi gani, umevunja sheria? Chumba cha redio kiliuliza: uko wapi, mko wangapi, mko salama? Kimoja kinamkagua dereva, kingine kilikuwa kinamngoja.

Mjomba alirudi Jumapili, tope mpaka kwenye nyusi, analalamika kwamba maharage yameanza kuota. Alishangaa kukuta hakuna aliyelia.

"Mlijuaje kama nipo mzima?" akauliza.

Mama akamwambia, "Tulisikia unapika ugali."

Hakuamini. Alidhani tunamtania, na aliendelea kudhani hivyo mpaka alipofariki. Hatukuwa na cha kumwonyesha. Hata daftarini haikuandikwa. Nimeiandika mimi hapa, miaka yote hii baadaye: Ijumaa, saa tatu na nusu hivi asubuhi, lori la bluu, barabara ya Kasulu, watu wawili, wazima.